Mkojo kukutoka ukikohoa, ukicheka au ukinyanyua ndoo: tiba zipo, kina mama tuongee

Fizio wa Tabata

Habarini wapendwa. Uzi huu ni wa mwanamke ambaye akisikia chafya inakuja lazima kwanza abane miguu, ambaye kwenye daladala anaomba tuta la mbele lisiwe kubwa, ambaye anavaa pedi mwezi mzima na siku zake zilishapita. Nafanya kazi ya mazoezi tiba hapa Dar na kila wiki nakutana na kina mama walioishi na hii hali miaka wakiambiwa "we si umezaa, ndo kawaida hiyo", na saa nyingine aliyewaambia hivyo ni mtu wa hospitali kabisa. Inaniuma kwa kweli. Inawapata wengi sana waliozaa, hilo sikatai, lakini ina tiba, tena ya kwanza haina kisu wala kidonge.

Kwanza tujue tunaongelea nini maana mkojo kuvuja kuko kwa aina. Kuna ule unaotoka pale tumbo linaposukuma: umekohoa, umecheka, umenyanyua dumu, umeruka mtaro, unatoka matone au mwingi halafu unaacha hapo hapo. Huo ndo wa uzi huu. Kuna mwingine unabanwa ghafla, umeingiza tu ufunguo mlangoni na mkojo huo unakuja, chooni hufiki. Hiyo ni kibofu chenyewe kinajikaza kabla ya wakati na matibabu yake yana njia nyingine, kuna kukizoesha kibofu kusubiri na kuna vidonge. Wengine wana vyote viwili kwa pamoja. Halafu kuna ule unaotiririka muda wote, mchana na usiku, hujakohoa hujafanya chochote, hasa kwa mama aliyekaa na uchungu muda mrefu mno wakati wa kujifungua. Huyo asipoteze muda na mazoezi yangu. Inaweza kuwa fistula, tundu limetokea kati ya kibofu na uke, na hilo linazibwa kwa operesheni. Hospitali ya CCBRT pale Msasani wanatibu fistula bila malipo miaka mingi sasa, na tangu 2009 wakaanza hata kutuma nauli kwa M-Pesa ili wagonjwa wa mikoani wafike. Kama unamjua mama wa hivyo kijijini kwenu aliyejifungia ndani, mpeleke, usimwambie habari za kegel, yaani haya mazoezi ya kukaza misuli ya chini.

Turudi kwetu. Chini ya nyonga kuna misuli imetandikwa kutoka mfupa wa kinena mbele mpaka kifandugu nyuma, hiyo ndo imebeba kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Chukulia kitanda cha kamba, kamba zikikazwa unalala juu, zikilegea unazama katikati. Ukikohoa tumbo linasukuma kibofu chini, misuli ikiwa imara ule mrija wa mkojo unakuwa na pa kuegemea unabanwa unafunga, ikilegea mrija unashuka nao na mkojo unapita. Kinacholegeza ni mimba yenyewe, kuzaa kwa njia ya kawaida hasa mtoto akiwa mkubwa au akivutwa kwa vifaa, uzito wa mwili, kikohozi kisichoisha, choo kigumu cha kila siku, kunyanyua mizigo, na umri homoni zikishapungua. Aliyezaa kwa operesheni hatari yake ni ndogo lakini haijafutika maana ile miezi ya mimba misuli ilibeba vilevile.

Sasa mazoezi, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanapopotea.

Lala chali magoti yamekunjwa au kaa kwenye kiti kigumu. Jifanye unazuia mkojo na unazuia hewa isitoke nyuma, vyote kwa wakati mmoja, halafu vuta kwenda JUU na NDANI. Tumbo la juu lisikakamae, makalio yasikazwe, mapaja yasibanane, na usizuie pumzi. Mtu akikaa mbele yako hatakiwi kujua unafanya kitu. Ukitaka uhakika chukua kioo kidogo, jifungie chumbani, angalia pale msambani kati ya uke na njia ya haja kubwa. Ukikaza panatakiwa paingie ndani na kupanda. Pakitoka nje kama unasukuma mtoto, unafanya kinyume na unajiongezea tatizo. Au ingiza kidole kisafi ukeni, unatakiwa usikie kinabanwa na kuvutwa.

Ukishaipata, kaza shikilia kadri unavyoweza, mwanzoni sekunde tatu nne zinatosha, achia KABISA, pumzika muda uleule, rudia. Lengo la baadaye ni kushikilia sekunde kumi. Nane kwa uchache, mara tatu kwa siku, halafu malizia na zile za haraka za kaza achia kaza achia. Muongozo wa Uingereza unasema hivyohivyo, angalau nane mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu kwa uchache, chini ya mtu anayekusimamia. MIEZI MITATU. Misuli haijengeki kwa wiki mbili, na wengi wanaacha wiki ya tatu ndo wanasema haifanyi kazi.

Na je inafanya kazi? Uchambuzi wa 2018 wa Cochrane, wale watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, ulikuta kwa wanawake wenye tatizo hili, kati ya 100 waliofanya mazoezi 56 walisema wamepona, na kati ya 100 ambao hawakuyafanya 6 tu. Ndo maana nasema haya yaje kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Karibuni maswali, na mtu yeyote asione aibu hapa.

Mama Shufaa

Asante sana dada yangu Mungu akulipe. Mimi tabu yangu ni kwenye swala. Kwenda rukuu na kusujudu ndo pale pale unasikia kitu cha moto, udhu umetenguka, narudi bombani. Ramadhani iliyopita nilikuwa naacha kwenda tarawehe nasalia nyumbani maana naona aibu kutoka safuni kila saa mbele za watu. Nina watoto wanne na wa mwisho alikuwa na kilo nne na ushee. Sasa hayo mazoezi mpaka miezi mitatu na kabla ya hapo nafanyaje??

Fizio wa Tabata

Mama Shufaa pole sana, na wala hauko peke yako, hili la swala naambiwa na kina mama wengi. Ya udhu muulize ustadhi wako maana wana majibu kwa mtu mwenye udhuru, mimi nakupa la misuli.

Kuna mbinu haihitaji kusubiri miezi mitatu. Kabla kidogo ya kile kitu kinachokutoa mkojo, unakaza ile misuli kwanza, unaishikilia, ndo unakohoa, ndo unainama. Watafiti wa Michigan kule Marekani waliwafundisha kina mama hii mbinu na wakawapima kwa kikohozi, baada ya wiki moja tu mkojo uliotoka ulipungua sana, walichapisha 1998. Kwako iwe hivi: umesimama, kabla hujashuka kaza juu na ndani, shuka huku unatoa pumzi taratibu, ukishafika chini achia. Kunyanyuka vilevile, kaza kwanza. Jizoeze nyumbani kwenye msala bila haraka mpaka mwili uzoee, mwanzoni utasahau sahau halafu itakuja yenyewe. Ila haiondoi yale mazoezi ya kila siku, vinakwenda pamoja.

Mchuuzi wa Mabibo

Mimi naomba nitofautiane kidogo, hizo kegel nimezifanya sana nimezitoa TikTok, nafanya hata nikiwa nimekaa kwenye meza yangu nauza, wala sijaona kitu. Halafu yule dada wa kwenye video anasema ukienda kukojoa ukatishe katikati ndo zoezi lenyewe, nikawa nakatisha kila nikienda. Kazi yangu ni kunyanyua matenga ya nyanya alfajiri, jioni kanga ya ndani imelowa. Labda kwa wengine zinafaa mimi zimenikataa

Fizio wa Tabata

Hapana usiseme zimekukataa bado. Hilo la kukatisha mkojo acha leo. Kukatisha mara moja ili ujue misuli ni ipi sawa, ila kulifanya ndo zoezi la kila siku kunavuruga kibofu, kinajifunza kutomaliza mkojo, na mkojo unaobaki unaweza kukuletea maambukizi.

La pili, naomba ufanye kile kipimo cha kioo nilichoeleza juu. Mwaka 1991 Wamarekani waliwapima wanawake 47 waliokuwa wameelekezwa kwa maneno tu, karibu nusu yao ndo walikaza ipasavyo, na robo walikuwa wanasukuma kwa namna ambayo inaweza hata kuongeza kuvuja. Na hao walielekezwa ana kwa ana sembuse video ya dakika moja. Ninaowapima mimi wengi wanabana makalio na kuzuia pumzi, uso unakunjamana, chini hakuna kilichopanda. Ukimshika mkono ukamuelekeza, siku anaipata utamuona mwenyewe anashtuka, "kumbe ndo hii!" Hapo ndo miezi mitatu inaanza kuhesabiwa, ya nyuma haihesabiki.

La tatu tenga. Usilinyanyue kwa kujipinda mgongo na pumzi umezifungia kifuani, hapo presha yote inashuka chini. Chuchumaa karibu nalo, livute likuguse tumbo, kaza juu na ndani, anza kutoa pumzi HALAFU ndo simama nalo. Tenga zito mnyanyue wawili, vijana wa sokoni wapo, hata ukimtoa mmoja kidogo kila alfajiri. Mama wa ndoo ya maji kichwani naye hivyohivyo, akikosa wa kumtwisha aijaze nusu arudi mara mbili.

Tiba Asilia Bingwa

Kina mama msihangaike na mazoezi, kuna dawa ya mizizi na ya kuweka inakaza siku saba tu unarudi kama msichana, mkojo kwisha, mume anafurahi. Nipo Kariakoo njoo PM

Fizio wa Tabata

Ndugu naomba usiuze hapa. Na hili niliseme wazi kwa wote. Kitu chochote cha kuweka ukeni ili "kukaza", iwe shabu, iwe vile vipande vyeupe, iwe unga wa mizizi, kinakausha na kukunjisha ngozi ya ndani kwa muda, ile misuli inayobeba kibofu hakiigusi kabisa, ipo kwa nje ya hiyo ngozi. Unachopata ni michubuko na muwasho, na ngozi ikichubuka maambukizi yanaingia kirahisi zaidi. Nimewaona wakija wameungua kabisa halafu mkojo unavuja palepale ulipokuwa unavuja. Mama akishachubuka hata kumpima ndani inabidi tusubiri apone. Tafadhali sana tusidanganyane kwenye hili.

Na mkanda wa tumbo au kujifunga kanga baada ya kuzaa, ukijifunga kwa kiasi unasikia mgongo umepata nafuu sawa, ila mkanda haujengi misuli ya chini, na ukiubana kupita kiasi unasukuma vitu vya tumboni viende chini.

Bi Mkubwa Mbagala

Mwanangu nami nina swali. Miaka yangu imekwenda, hedhi iliacha zamani. Zamani nilikuwa sina shida hii, imekuja baada ya kuanza kikohozi kikavu hakiishi, kila kikinishika na mkojo unatoka. Na natumia dawa za presha na mwili wangu mkubwa. Hata mazoezi nitayaweza kweli?

Fizio wa Tabata

Shikamoo mama. Utayaweza, misuli ya mtu mzima nayo inajengeka, inachukua muda zaidi tu.

Lakini nimesimama hapo uliposema kikohozi kikavu na dawa za presha. Angalia jina kwenye karatasi la dawa. Kuna dawa za presha za jamii ya enalaprili, kaptoprili, lisinoprili, zinajulikana kwa kuleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu. Kama ni mojawapo mwambie daktari wako wa presha maneno haya: "tangu nianze hii nakohoa na mkojo unanitoka", zipo nyingine anazoweza kukubadilishia. USIACHE mwenyewe mama yangu, presha ikipanda ni hatari kuliko mkojo. Na kikohozi kilichozidi wiki mbili hata hivyo kapime kifua kikuu, hilo ni la kila mtu. Kuna dawa nyingine za presha, doksazosini na prazosini, zenyewe zinalegeza pale mkojo unapofungwa, nazo zitaje kama unazo.

La mwili, mama, naomba unielewe vizuri maana wanawake wanasimangwa sana na unene wao wakienda hospitali na mimi sipo upande huo. Utafiti uliotoka Marekani 2009 ulichukua wanawake 338 wenye uzito mkubwa waliokuwa wanavuja mkojo. Waliosaidiwa kupunguza walipunguza asilimia 8 tu ya uzito wao, yaani mwenye kilo 90 kapunguza kama kilo 7, na mara za kuvuja kwa wiki zikapungua asilimia 47, wale wa kundi la pili ambao hawakusaidiwa hivyo asilimia 28. Kwahiyo huhitaji kuwa mwembamba. Punguza sembe na sukari kwenye chai, tembea jioni, kilo chache tu kibofu kinapumua.

Na kwa kuwa hedhi imeacha, muulize daktari wa kina mama kuhusu krimu au kidonge cha estrojeni cha kuweka ukeni. Kinarudisha unyevu na uhai wa ngozi ya pale, kinasaidia zaidi kwa wenye ukavu na kubanwa ghafla, kwa mkojo wa kikohozi peke yake sikuahidi makubwa. Atakuuliza historia yako kwanza hasa kama umewahi kuwa na saratani ya titi, mwambie yote.

Mkimbiaji wa Coco

Mi sijazaa kabisa nina 26 ila nikiruka kamba jimu natoa matone. Nimesoma uzi wote nikajua ni wa wamama tu

Fizio wa Tabata

Si wa wamama tu mdogo wangu, wanamichezo wa kuruka na kukimbia linawapata sana hata ambao hawajazaa. Mazoezi ni yaleyale, punguza kuruka kwa muda na fanya skwoti na kutembea kwa kasi huku unajenga misuli ya chini, baadaye rudi kuruka taratibu. Na usizoee kujizuia maji ukienda jimu.

Baba Abdul

Salaam. Mimi mwanaume ila naomba mnivumilie, nauliza kwa ajili ya mama watoto. Ameshafanya mazoezi, alipata mtu wa kumuelekeza vizuri, miezi imepita amepata nafuu lakini bado akitembea mwendo mrefu analowa. Ameacha kwenda harusini, ameacha hata kwenda kwao. Tumeambiwa kuna operesheni ya kuweka mkanda ndani chini ya mrija wa mkojo, ila dada yake aliyeko Uingereza anasema huko imepigwa marufuku. Tunaogopa. Tufanye nini?

Fizio wa Tabata

Kaka karibu sana, nimefurahi umeuliza wewe, wanaume wachache wanafuatilia hili na mkeo ana bahati.

Nitasema ukweli japo kazi yangu ni mazoezi. Kwa mwenye hali ya kati au kali, operesheni inashinda mazoezi. Waholanzi walilinganisha moja kwa moja kwa wanawake 460, matokeo yakatoka 2013: baada ya mwaka waliofanyiwa operesheni ya mkanda asilimia 91 hivi walisema wana nafuu, waliopangiwa mazoezi 64, na karibu nusu ya hao wa mazoezi waliishia kuomba operesheni. Kwahiyo mkeo kujaribu mazoezi na kubaki na shida haina maana ameshindwa, kuna misuli na mishipa iliyoumia kiasi ambacho mazoezi hayafiki.

Kabla ya kisu kuna vitu viwili vya katikati. Pesari, ni kipete cha silikoni kinachowekwa ukeni kinaegemeza mrija wa mkojo, anapimwa saizi yake, anakitoa anakisafisha anakirudisha. Kinamfaa anayevuja kwenye shughuli fulani tu, au bado anataka kuzaa, au hataki operesheni. Halafu kuna kidonge kinaitwa duloksetini, ni dawa ya jamii ya sonona ambayo inakaza kidogo pale panapofunga mkojo. Ulaya iliruhusiwa kwa tatizo hili 2004, Marekani haijaruhusiwa kwa kazi hii, kichefuchefu chake kinawafanya wengi waache. Binafsi siipi kipaumbele, labda kwa asiyeweza au asiyetaka operesheni.

Sasa mkanda. Hii aliianzisha daktari wa Sweden, Ulf Ulmsten, miaka ya 1990 katikati. Ni utepe wa wavu wa plastiki unapitishwa chini ya mrija wa mkojo uwe pa kuegemea. Vidonda ni vidogo, wengi wanarudi nyumbani siku hiyo au ya pili, na wapo waliofuatiliwa miaka 17 na bado wengi wao wakavu. Shida ni kwamba ule wavu unabaki mwilini daima. Kwa baadhi ya wanawake unatokeza ukeni, unaleta maumivu ya nyonga, maumivu kwenye tendo la ndoa, au mkojo unagoma kutoka, na kuutoa baadaye ni kazi ngumu maana nyama imeshaota ndani yake. Waingereza walioumia walipiga kelele miaka, Julai 2018 serikali yao ikasimamisha matumizi yake, na 2020 ikatoka ripoti ya tume ya Baroness Cumberlege iliyosema wale wanawake walipuuzwa walipolalamika. Kwahiyo shemeji yako hajakosea sana, ilisimamishwa. Nchi nyingine nyingi zinaendelea nayo na madaktari wengi wanaiamini. Usiiogope kama shetani, ila aulizwe na akubali akiwa anajua.

Na zipo operesheni zisizo na plastiki kabisa, hizi watu hawaambiwi. Moja ni ya Burch, ya tangu 1961, tishu za pembeni ya shingo ya kibofu zinashonwa kupandishwa kwenye mshipa mgumu nyuma ya mfupa wa kinena. Nyingine wanakata kipande cha ule utando mgumu wa tumbo lake mwenyewe wanakifanya ndo mkanda. Marekani walizishindanisha hizi mbili kwa wanawake 655, matokeo ya 2007: baada ya miaka miwili wa utando wao wenyewe asilimia 66 hawakuwa na mkojo wa kukohoa, wa Burch 49, ila wa utando walipata zaidi maambukizi ya mkojo na tabu ya kukojoa. Kidonda ni kikubwa kuliko cha wavu, kupona kunachelewa. Kuna pia sindano ya kujaza pembeni mwa mrija, mfano Bulkamid, ni nyepesi lakini nguvu yake ndogo na mara nyingi hurudiwa.

Maswali ya kwenda nayo kwa daktari, muulize bila kuogopa: unaweka wavu au utando wangu? Umefanya ngapi za hivi? Mkojo ukigoma kutoka baada ya operesheni mnafanyaje, nitarudi nyumbani na mpira wa mkojo? Wavu ukileta shida nani hapa anautoa? Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali hayo. Na muwe mmekubaliana kwanza kama mmemaliza kuzaa, maana mimba na kuzaa tena kunaweza kuirudisha shida.

Baba Abdul

Nimeelewa kuliko nilivyoelewa kule hospitali. Nitamsomea jioni hii neno kwa neno.

Mjamzito Kimara

Mimi miezi saba na nimeanza kuvuja nikipanda ngazi za mwendokasi. Naruhusiwa hayo mazoezi au nitaleta uchungu?

Fizio wa Tabata

Unaruhusiwa kabisa mama kijacho, hayaleti uchungu, na anayeyaanza mapema kwenye mimba uwezekano wa kuvuja mwisho wa mimba na baada ya kuzaa unapungua. Ila kwanza hakikisha ni mkojo, maana chupa inaweza kuwa inavuja. Kama ni maji maji hayana harufu ya mkojo na yanatoka hata ukiwa umelala, nenda kliniki leo usisubiri tarehe yako.

Mama Shufaa

Dada swali la mwisho, nianzie hospitali gani na niseme nini maana pale dirishani ukisema mkojo unavuja watu wote wanakugeukia. Halafu mimi nilikuwa nimeacha kunywa maji kabisa nikitoka.

Fizio wa Tabata

Dirishani sema tu "naomba kumuona daktari wa kina mama", mengine utamwambia mlango ukifungwa. Anzia kituo chako cha afya au hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu, Amana, Temeke au Mwananyamala, ukihitaji zaidi wanakupa rufaa ya Muhimbili ambako kuna madaktari wa kina mama na wa mkojo. Omba uandikiwe na mazoezi tiba, usisubiri wakumbuke wao. Kama una bima uliza kabla kama inalipia.

Ukifika kwa daktari usiseme "nina shida ya mkojo" ukaishia hapo, utapewa dawa za UTI urudi nyumbani. Sema "mkojo unanitoka nikikohoa na nikiinama, tangu nimzae wa mwisho, nabadilisha pedi kadhaa kwa siku". Wakupime mkojo kuona kama kuna maambukizi au sukari, na wakupime ndani. Kuna kipimo rahisi, unaenda kibofu kimejaa unakohoa mbele yao waone, najua ni aibu ila kinamaliza ubishi. Na ultrasaundi baada ya kukojoa kuona kama mkojo unabaki. Ukiona damu kwenye mkojo, au kuna kitu kinashuka ukeni, au mkojo unagoma kutoka, au miguu na huko chini panakufa ganzi, hayo yaseme ya kwanza kabisa.

Maji kunywa. Lita moja na nusu mpaka mbili kwa siku, na joto hili la Dar pengine zaidi. Ukijinyima mkojo unakuwa mkali, unakichokoza kibofu, choo kinakuwa kigumu, na kujikamua chooni ndo unaendelea kuilegeza ileile misuli unayoijenga. Chai ya rangi na kahawa ndo vya kupunguza kama unabanwa banwa. Kabla ya kwenda, siku tatu andika kwenye daftari la mtoto: saa ngapi umekunywa nini, saa ngapi umekojoa, saa ngapi imevuja na ulikuwa unafanya nini. Mpe daktari hilo daftari mkononi.